Kutengeneza kiuwanja cha mtaa Kisumu: mwongozo kamili kwa wanafunzi na wasanii wanaoshirikiana

Kila mtaa wa Kisumu una vipande vya ardhi ambavyo hakuna anayevihesabu: pembe iliyobaki pale barabara mbili zilipokutana, ukingo wa ua wa shule, sehemu iliyo mbele ya kioski cha maji, upenyo kati ya stendi ya boda boda na mtaro. Watu hupita hapo kila siku, wengine huuza, wengine husubiri. Mwongozo huu ni wa kikundi cha wanafunzi na wasanii wanaotaka kukigeuza kipande kimoja cha aina hiyo kuwa mahali pa kukaa, kupiga gumzo na kucheza, bila fedha nyingi. Nazungumzia eneo la kati ya mita za mraba 50 na 400. Likizidi hapo, waachieni wakandarasi.

Niseme msimamo wangu mapema, maana hatua zote zitakazofuata zimeuegemea: msanii aingie kazini siku ya kwanza. Desturi tuliyoizoea ni wanafunzi kupima, kuchora ramani na kujenga, kisha katika wiki ya mwisho anatafutwa kijana wa kuchora twiga ukutani. Sina ugomvi na twiga. Ila msanii aliyeitwa wakati huo hana tena la kuamua: benchi limeshamiminwa, kivuli kimeshawekwa upande usiofaa, na kilichobaki kwake ni kupamba kosa la mwingine.

Kikundi na makubaliano

Wanafunzi wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Chuo Kikuu cha Maseno kina wanaosomea mipango miji; vyuo vya ufundi vina wanaosomea ujenzi, umeme na uchomeleaji. Wachanganyeni. Mpangaji anajua sheria na ramani, lakini anayejua kwamba kiungo cha chuma kitakatika baada ya miezi mitatu ni yule anayeshika mashine ya kuchomelea.

Kwa upande wa sanaa, msifikirie wachoraji wa turubai peke yao. Mwandika mabango ya vinyozi na saluni anajua herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara na rangi inayostahimili jua. Fundi wa akala, viatu vya tairi, pale soko la Kibuye anaijua tairi kuliko mhandisi yeyote. Wako wafumaji wa gugumaji na mafunjo huko Dunga, kando ya Ziwa Victoria, wako wachongaji, wako waigizaji wa mitaani wanaojua kukusanya umati kwa dakika tano. Wawili au watatu wenye fani tofauti ni bora kuliko sita wa fani moja.

Kisha andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja. Yaseme nani ana neno la mwisho juu ya umbo na nani juu ya usalama (la usalama liwe la mhadhiri au fundi mkuu, halina mjadala). Yaseme mchoro ni mali ya nani, nani anaruhusiwa kuupiga picha kwa biashara, na nani anaweza kuufuta. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda msanii, lakini karatasi iliyotiwa sahihi mapema huwaepusha na kukimbilia sheria. Malipo ya msanii yagawanywe mara tatu: anapoanza uchunguzi, michoro inapokubaliwa, kazi inapokabidhiwa. Mwanafunzi analipwa kwa alama. Msanii hawezi kupeleka alama dukani akapewa unga.

Jambo la mwisho hapa ni kalenda, na ndilo linaloangusha miradi mingi. Muhula wa chuo ni kama wiki kumi na nne, na mvua haifuati muhula. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mpango unaoenda sawa ni huu: uchunguzi na michoro Septemba hadi Desemba, mkijionea jinsi maji yanavyopita wakati wa vuli, ujenzi Januari na Februari ardhi ikiwa kavu, miti ipandwe masika yanapoanza. Mkianza kuchimba mwezi Aprili, mtatumia pesa nusu kutoa maji shimoni.

Ardhi ni ya nani?

Kipande kinachoonekana hakina mwenyewe mara nyingi kina wenyewe wawili. Katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda, sehemu kubwa ya ardhi ni ya familia zilizokuwepo kabla mpaka wa mji haujasogezwa kuwafikia. Uwanja ambao watoto wanachezea mpira huenda ni urithi wa mtu aliye Nairobi, na pembeni yake pana kaburi la babu. Anzeni kwa mzee wa mtaa na chifu, kisha thibitisheni kwenye ofisi ya ardhi. Tamko la mdomo, hata la mtu mwenye heshima zake, halimzuii mrithi kuja na tingatinga.

Ukingo wa barabara una mabwana wake. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), baadhi ya barabara za mijini chini ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), nyingine chini ya kaunti, na kando ya reli ni mali ya Shirika la Reli. Kwa kazi ya wanafunzi, ningeshauri mkae mbali na reli na barabara kuu kabisa. Mtachagua ugomvi msioweza kuumaliza. Tafuteni ardhi ya kaunti au ya taasisi ya umma, kama ukingo wa shule, zahanati au soko.

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ujenzi unahitaji idhini ya kaunti. Andikeni barua kwa meneja wa jiji, nakala kwa idara ya mipango na kwa ofisi ya mwakilishi wadi (MCA). Ambatanisheni picha, kipimo cha eneo, mchoro mmoja wa mkono na jina la atakayelitunza. Hapo hapo ulizeni kuhusu mabomba ya maji, maji taka na nyaya zilizopita chini. MCA ahusishwe mapema, ila mwelezeni kwa adabu kwamba kiuwanja hakitakuwa na bango la sura yake. Likiwekwa, uchaguzi ukimgeuka kiuwanja kitageukwa pia.

Tazameni kabla ya kuchora

Hapa ndipo ningewataka mkae muda mrefu kuliko pengine popote. Miaka ya 1970 huko New York, mtafiti William H. Whyte na wasaidizi wake walitega kamera kwenye viwanja vidogo vya mjini na kuhesabu watu. Walichokipata kilionekana cha kitoto: watu hukaa pale palipo na pa kukaia. Hata hivyo, viwanja vingi vilikuwa vimejengwa na wataalamu waliolisahau hilo.

Chagueni siku tatu za aina tofauti: siku ya kazi, Jumamosi, na Jumapili. Kama mko karibu na Kibuye, Jumapili ni mji mwingine kabisa kwa sababu ya soko. Kila siku gawaneni zamu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku. Katika kila zamu, kila baada ya dakika kumi na tano, andikeni nani yuko pale: mwanamke au mwanamume, mtoto, mzee, amesimama, ameketi juu ya nini, anafanya nini. Chukueni karatasi ya ramani na kalamu, mfuatilie njia za miguu jinsi watu wanavyokata kona. Njia iliyochongwa na nyayo msiizibe kamwe kwa tuta la maua. Maua ndiyo yatakayokanyagwa.

Wakati wanafunzi wanahesabu, msanii achore. Aketi na kitabu chake, achore aliyekaa juu ya kreti, kivuli cha bango la simu, pikipiki zilivyopangwa. Mtu mwenye fomu hukimbiwa, lakini mtu anayechora hufuatwa. Watoto watamzunguka kwanza, kisha mwenye pikipiki atataka kuona kama amechorwa vizuri, na katika kubishania sura yake atakueleza kwamba mtaro huziba kila mvua kwa sababu ya karatasi za wauza miwa, kwamba akina mama hawapiti upande ule baada ya saa moja usiku, kwamba kibanda cha kijani ni cha shemeji yake chifu. Mhojaji hapati hayo. Michoro hiyo ihifadhiwe pamoja na takwimu.

Pimeni kivuli pia. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Kivuli mlichokiona Novemba hakitakuwa pale Juni. Jua linalowatesa watu zaidi ni la magharibi, kuanzia saa tisa alasiri, maana huingia chini ya paa. Kwa hiyo kila kivuli mtakachobuni kiwe na kizuizi upande wa magharibi: mti, ukuta wa matundu, au jamvi la mafunjo. Msizibe kabisa upande wa ziwa, kwani upepo wa mchana hutoka huko na ndio unaowaponya watu na joto.

Na siku mvua itakaponyesha, nendeni mkanyeshewe. Wekeni alama za chokaa mahali maji yaliposimama na yalipokimbilia. Nusu saa hiyo itawafundisha kuhusu eneo lenu kuliko ramani zote.

Kuwasikiliza watu bila kuwachosha

Baraza la mtaa ni la lazima kwa sababu Katiba ya 2010 inadai ushirikishwaji wa umma, na kwa sababu wazee watakasirika msipoliitisha. Lakini barazani watasema wanaume wenye sauti. Waendeeni wengine walipo. Mama wa samaki aulizwe palepale anapokaanga, saa ambazo hana wateja. Watoto waulizwe kwa kucheza. Mtu anayetembelea kiti cha magurudumu aombwe apite mahali pale nanyi, kisha mnyamaze mtazame anapokwama.

Maswali yawe ya mambo yaliyotokea. Ukimuuliza mtu, "Ungependa bustani ya aina gani?" atakujibu kitu alichokiona kwenye televisheni. Ukimuuliza, "Mama, jana jua lilipokuwa kali ulihamia wapi?" atakuonyesha kwa kidole. Tumieni Kiswahili, Dholuo au Sheng kulingana na mliye naye. Ramani yenye maneno ya Kiingereza iacheni chuoni.

Wauzaji wadogo ni suala peke yake. Michoro mingi ya wanafunzi huwafuta, kana kwamba mahali pazuri ni pasipo na nyanya. Mimi naona kinyume. Kibanda chenye taa yake saa mbili usiku kinalinda kiuwanja kuliko askari, na kikaango ndicho kinacholeta watu wa kukalia benchi. Mwekeeni nafasi yake kwenye mchoro, yenye kipimo, na mwandike kwenye barua ya kaunti ili kanjo, yaani askari wa kaunti, wasije wakamfagia siku ya ufunguzi.

Kuchora kwa ukubwa halisi

Tengenezeni kielelezo cha kadibodi kwa uwiano wa 1:50, vipande visigundishwe ili watu wavisogeze kwa mikono yao. Kisha fanyeni lile ambalo wanafunzi hupenda kuliruka: chora kila kitu chini, mahali penyewe, kwa chokaa, kwa ukubwa wake kamili. Wekeni kreti za soda palipo na benchi, nyosheni kamba palipo na paa. Mwachie msanii aongoze siku hiyo, aigeuze mchezo. Iacheni wiki mbili ikiwa na kreti, mikeka na turubai la kivuli. Kreti zikihamishwa usiku, tafuteni zilikohamia. Huenda mkapewa jibu bure.

Vipimo vichache vya kushika kichwani. Kiti kiwe na kimo cha sentimita 45, kina cha 40 hadi 45, na kila mtu apewe upana wa 50 hadi 60. Angalau benchi moja liwe na mahali pa kuegemea na mikono, maana mzee akikaa chini sana bila cha kushika hanyanyuki. Njia ya kiti cha magurudumu isipungue sentimita 90 popote, na 120 ni bora. Mteremko wake usizidi 1:12, yaani ngazi ya sentimita 15 inadai mteremko wa mita 1.8. Sakafu yote iinamie mtaroni kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.

Kuhusu michezo ya watoto, msihangaike na bembea za kiwandani. Huko Amsterdam, kuanzia 1947, msanifu Aldo van Eyck alijenga viwanja zaidi ya 700 vya watoto, vingi katika mapengo ya mji, kwa mchanga, nguzo za duara na vyuma vilivyopindwa tu. Vitu vya aina hiyo fundi wa jua kali anaviweza. Na watu wazima wana michezo yao: mezani muwekeeni drafti ya kuchezea vifuniko vya soda, na ajua, yaani bao la Wajaluo. Mashimo ya ajua yaulizwe kwa wazee kabla ya kumiminwa, na kila shimo litobolewe tundu dogo la kutoa maji, la sivyo mtakuwa mmewajengea mbu. Tairi nazo zitobolewe kwa sababu hiyo hiyo.

Ujenzi

Sehemu kubwa ya Kisumu ina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukimwaga zege juu yake, litapasuka pamoja nao. Chimbeni muuondoe, angalau sentimita 30 chini ya sakafu nyepesi na zaidi chini ya nguzo, mjaze mawe na murram, mshindilie kwa tabaka. Hapa ndipo pesa ziende. Kama bajeti ni ndogo, punguzeni eneo la sakafu kuliko kupunguza kina.

Zege la sakafu na mabenchi liwe la uwiano wa 1:2:4: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Sakafu ya mita 3 kwa 4 yenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 1.2, na itakula mifuko minane hivi ya kilo 50. Imwagilieni maji na kuifunika kwa magunia siku saba. Kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika chini, ni nzuri pale palipo na mabomba chini, kwa kuwa hufunguka na kurudishwa. Mawe yote yashikizwe kwa saruji; mji wetu una siku zake za joto la siasa, na jiwe lililolegea siku hiyo halibaki mapambo.

Mabati huleta kivuli chenye joto. Yapandisheni mita 2.7 au zaidi, na chini yake tandazeni majamvi ya mafunjo, ambayo mtayabadilisha yakichakaa. Gugumaji lililofumwa ni zuri kwa mito ya kukalia inayoingizwa ndani jioni, lakini msilitumie panaponyesha, litaoza. Vyuma visuguliwe msasa, vipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo ije rangi ya mafuta. Chuma kisiwekwe mahali pa kukalia penye jua. Saa nane mchana kitamchoma mtoto.

Ukuta mpya usipakwe picha kabla ya wiki nne, plasta ikauke. Msanii aambiwe mapema ukuta unatazama wapi, kwani wa magharibi hupauka haraka. Rangi za udongo, yaani nyekundu ya kutu, manjano ya udongo na kahawia, hudumu juani kuliko waridi na zambarau kali. Na picha yenyewe itoke kwenye ile michoro ya uchunguzi. Watu wakijiona ukutani, pamoja na pikipiki zao na masufuria yao, huwa wakali kwa anayekuja kubandika bango la kampeni.

Kwa miti, mwarobaini hauna makuu na hukua haraka. Siala, kama Wajaluo wanavyouita, una maua ya manjano na umezoea ardhi ya huku. Mwembe una kivuli kizuri kuliko yote, ila msimu wa maembe watoto watautupia mawe, basi usiwe karibu na madirisha. Kila mti uwe na ua wa miti au chuma dhidi ya mbuzi, na uwe na mtu mwenye jina wa kuumwagilia msimu wa kiangazi.

Atakayebaki

Wanafunzi watahitimu. Kwa hiyo mtunzaji apatikane kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji: kikundi cha vijana au akina mama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, shule, au wauzaji wenyewe. Wasipopata chochote hawatadumu. Wapeni haki ya kuendesha kibanda kimoja, kuuza maji, au kuchaji simu kwa sola. Tengeni sehemu ya kumi ya bajeti kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, ikae kwenye akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu, mojawapo ya mwanamke anayeuza pale pale.

Siku ya kukabidhi, toeni faili tatu zinazofanana: moja ya kikundi, moja ya ofisi ya meneja wa jiji, moja ya chuo. Ndani yake pawe na idhini, michoro yenye vipimo, ramani ya mabomba na nyaya, namba za rangi zilizotumika, makubaliano na msanii, na jinsi ya kumpata fundi aliyechomelea.

Baada ya miezi sita rudini na fomu zile zile za uchunguzi, siku zile zile tatu, saa zile zile, na msanii yule yule na kitabu chake. Linganisheni. Benchi lisilokaliwa lihamishwe au livunjwe, msilionee haya. Kama wanawake bado hawapiti baada ya saa moja usiku, tatizo lile la usiku halijatatuliwa hata kama picha ni nzuri. Matokeo hayo wapewe wanafunzi wa mwaka unaofuata kabla hawajachagua kipande chao.